Upande wa Drusilla

Sylvanus Nyangau alikuwa amechoka hata kabla kanisa halijamtwika kazi ile. Miaka yote aliyokaa katika chumba chake kimoja mjini Kisii, juu ya duka la misumari na mabati, akichora ramani za nyumba, alikuwa amevumilia watu wa kila namna. Walikuja waliotaka ghorofa kwenye kipande cha shamba kisichotosha banda la kuku. Walikuja waliotaka madirisha makubwa upande ule ule unaopigwa na mvua. Walikuja wenye picha ya jumba la Dubai kwenye simu, wakisema, Mzee, chora kama hili, ila liwe dogo kidogo. Aliwachorea wote, kuanzia Keumbu hadi Ikonge, na walipojenga walibadilisha kila kitu kisha wakamlaumu yeye. Sasa alikuwa amepita sitini, macho yalimtoka machozi akitazama mistari myembamba, na kila jioni akirudi nyumbani Ikonge alijiuliza kesho anakwenda mjini kutafuta nini.

Swali lake la kwanza kwa kila mteja lilikuwa moja: mlango mkubwa utatazama wapi? Wageni walidhani anauliza habari za jua. Wenyeji walijua. Kwa Abagusii, aliyekufa hapelekwi kwenye makaburi ya mji. Hurudishwa nyumbani akazikwa kando ya nyumba yake. Ukisimama kwenye mlango mkubwa ukitazama nje, mwanamume hulala upande wa kulia, mwanamke upande wa kushoto. Kwa hiyo anayechora nyumba anachora na makaburi, ingawa hakuna anayeyataja wala kuyawekea mstari. Siku hizi mashamba yamegawanywa hadi michai inagusa kuta, na nafasi ya wafu ndiyo ya kwanza kuliwa. Sylvanus hakukubali iliwe. Katika kila ramani aliacha vipande viwili vitupu, kimoja kulia na kimoja kushoto, na mteja akiuliza ni vya nini alijibu kwamba ni vya hewa.

Ndiyo maana yaliyompata nyumbani kwake yalimuuma mara mbili.

Nyumba yake mwenyewe aliichora akiwa bado kijana mwenye majivuno. Mlango mkubwa aliuelekeza chini mtoni, kama ulivyotazama mlango wa baba yake. Lakini barabara ilipita huko nyuma, juu ya mteremko, na Sylvanus hakutaka wapita njia waone mgongo wa nyumba ya mchoraji. Akaujengea mlango wa nyuma baraza pana lenye nguzo nne nyeupe. Watu waliisifu sana. Mkewe Drusilla peke yake ndiye aliyecheka. Alisema nyumba yao imevaa koti kinyume.

Kisha ikaja Korona. Sylvanus na Drusilla walilazwa siku moja, wodi mbili tofauti, na Drusilla hakutoka. Sylvanus alikuwa bado kwenye oksijeni mwili wa mkewe ulipopelekwa nyumbani na watu waliovaa nguo nyeupe kutoka utosini hadi kwenye buti. Jamaa waliamriwa wabaki barabarani. Kaburi lilichimbwa na vijana wa kutoka mbali, kwa sababu wa karibu waliogopa. Vijana wale waliziona nguzo nne, wakajua, kama ambavyo mtu yeyote angejua, kwamba huo ndio mlango mkubwa. Wakasimama hapo, wakahesabu kushoto, wakachimba. Drusilla akafukiwa bila wimbo, bila mtu kumtazama uso, kwa muda ambao mahindi yasingechemka yakaiva. Na kwa kuwa nguzo zilitazama nyuma, kushoto kwao kulikuwa kulia kwa nyumba. Walimlaza mahali pa mumewe.

Sylvanus aliporudi, akitembea kwa kushika kuta, alikiona kile kichuguu cha udongo mwekundu na akaelewa mara moja. Hakumlaumu mtu. Alijua nguzo zile ni za nani.

Aliyelishikilia jambo hilo ni Joash, mdogo wake. Joash alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito na kola iliyopigwa pasi hata siku ya kuchuma chai, na tangu mwaka ule hakumpa kaka yake nafasi ya kupumua. Atafute kibali. Amfukue mkewe, amhamishie upande wake, mambo yaishe. Asipofanya hivyo yeye mwenyewe atalala wapi, naye mahali pake pameshachukuliwa? Je, haoni kwamba Sheila, binti yake wa pekee, muuguzi huko Nakuru, mpaka leo hajaolewa? Sheila aliposikia hayo alicheka, akasema hajaolewa kwa sababu amewaona wanaume kwa karibu, wakiwa hawana nguo na wanaogopa sindano. Lakini Joash hakuwa mtu wa kucheka.

Na hapa lazima niseme. Waadventista wa kwetu ni watu wa ajabu kidogo. Wanalima chai ambayo kanisa lingependa wasiinywe. Na kila Sabato wanahubiriwa kwamba wafu wamelala tu, hawajui neno lolote, mpaka parapanda itakapolia. Waitikia amina wote. Kisha waulize wafu hao wamelala upande gani wa nyumba, uone wazee wanavyotoka jasho.

Sylvanus hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Tutaona." Miaka minne ilipita katika tutaona. Akiwaza jembe likigonga sanduku la Drusilla, chakula kilimshinda.

Mambo yakiwa hivyo, kanisa likaamua kujenga bustani ya kumbukumbu. Washiriki kumi na wanne, Drusilla akiwamo, walikuwa wamekufa katika ule ugonjwa na kuzikwa mbio mbio. Aibu hiyo ilikuwa bado imewakaa watu kooni. Walitaka ukuta wa majina, maua, na mahali pa kukaa na kuimba zile nyimbo ambazo hazikuimbwa. Akina mama wa Dorkas, kikundi cha huduma cha wanawake wa kanisa, wakaongeza sharti lao: maji ya mvua yanayomwagika kutoka kwenye paa la kanisa yatumike katika bustani hiyo, maana kila Januari, chai ikiwa kijani kila upande, wao ndio wanaopanda kilima na mitungi kutoka mtoni ili kanisa lipigwe deki. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Joash. Mchoraji, bila hata kuulizwa vizuri, alikuwa Sylvanus.

Aliipokea kazi kama mtu anayepokea mzigo mwingine juu ya ule alio nao. Hata hivyo aliifanya. Mvua ilipoanza kunyesha mchana, wakati watu wengine wakikimbilia ndani, yeye alikuwa akisimama uani kwa kanisa na mwavuli, akitazama maji yanapoangukia na yanapokimbilia. Wapita njia walisema mzee ameanza kuvurugika. Kumbe alikuwa amepata jambo la kufikiria lisilokuwa kaburi lake mwenyewe, ingawa lilikuwa ni makaburi ya wengine.

Alichora hivi. Maji yangetoka kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, yakateremka kwa mnyororo, yasianguke kwa kelele. Ya mwanzo, yenye vumbi la mabati na uchafu wa ndege, yangemwagwa pembeni. Yanayofuata yangejaza bakuli la jiwe, yakafurika taratibu na kupita kwenye mfereji mwembamba chini ya ukuta wa majina, ili mtu aliyekaa pale ayasikie. Kutoka hapo yangechujwa na kokoto na mchanga, yakaingia kwenye tangi chini ya ardhi, na pampu ya mkono ingeyatoa tena: ya kumwagilia maua, ya mboga za Dorkas, ya deki na ya vyoo. Mmoja katika kamati alitaka majina yachongwe kwenye jiwe la Tabaka kwa kuwa linang'aa. Sylvanus alimwambia jiwe hilo hata ukucha wa mtoto unalichora, na majina haya yasifutike mara ya pili.

Ramani ya kwanza ilikuwa na kuta mbili. Hakufikiria hata kidogo; mkono ulikwenda wenyewe. Ukisimama kwenye mlango wa kanisa ukitazama nje, ukuta wa wanaume ulikuwa kulia na wa wanawake kushoto. Kamati ilipoiona ilitikisa vichwa kwa kuridhika, Joash zaidi ya wote, na uji ukamiminwa.

Aliyeweka kikombe chini ni Bonareri, kiongozi wa Dorkas, mjane mnene mcheshi ambaye mumewe Geoffrey alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Aliuliza swali dogo tu. Maji ya ukuta wa wanawake yatatoka wapi? Kwa sababu gata ya kushoto, tangu kanisa lilipoezekwa, inajaza tangi la jiko, na maji hayo ndiyo yanayopikia watu wakati wa makambi, ile mikutano mikubwa ya kila mwaka.

Sylvanus alihisi uso wake ukipata joto. Alikuwa amesimama kwenye mvua siku zote zile na hakuliona. Upande wa kulia ulikuwa na maji, upande wa kushoto ulikuwa mkavu. Alijaribu kuokoa ramani yake pale pale. Akasema maji yakishapita kwa wanaume yanaweza kuvukishwa mbele ya ngazi yakaenda kwa wanawake. Bonareri akamjibu kwamba maisha yao yote wanawake hao walikuwa wakila baada ya wanaume kushiba, na hakuona kwa nini wafu waendelee kupewa makombo. Akina mama wakacheka, lakini hawakuwa wanatania. Basi je, akauliza Sylvanus, maji yote yapite kwenye kuta kwanza, kisha jiko lichote kwenye tangi la chini? Hapo hata Joash alikunja uso. Hakuna mtu wa Ikonge ambaye angekunywa uji uliopikwa kwa maji yaliyopita miguuni pa wafu, hata yachujwe mara ngapi. Mkutano ukavunjika bila kauli, na Sylvanus akaagizwa arudi Jumapili inayofuata na wazo jingine.

Wiki hiyo hakuchora chochote. Alikaa katika chumba chake mjini, kelele za bodaboda na za wauza ndizi zikipanda dirishani, karatasi nyeupe mbele yake. Alichoka mpaka akaona uchovu wenyewe unamchosha. Alipompigia Sheila simu alimweleza habari za gata kwa kirefu, na Sheila akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza jambo ambalo halikuhusu gata. Alitaka kujua kama kaburi la mama bado linaonekana kutoka chumba cha kulala.

Lilionekana. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa upande wa kulia wa nyumba, na kitanda kilikuwa chini ya dirisha. Kila asubuhi Sylvanus alipofungua pazia alimwona Drusilla kabla hajamwona mtu mwingine. Alikuwa akimwamkia. Alimweleza kama mvua imenyesha na kama ng'ombe ametoa maziwa. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa mshiriki wa kanisa hazungumzi na waliolala. Upande wa kushoto, huko ambako Joash alitaka ahamishiwe, kulikuwa na ukuta mtupu wa stoo. Alimwambia Sheila kwamba ndiyo, linaonekana. Alimpenda sana Drusilla. Ilikuwa faraja kumwona, na aliionea aibu faraja hiyo, maana aliipata kutokana na kosa.

Jumapili alikwenda na ramani ya pili. Ilikuwa na ukuta mmoja tu, mrefu, upande wa kulia, kule kwenye maji. Majina yote kumi na manne yalikuwa hapo, wanaume na wanawake pamoja, kwa kufuatana na jinsi walivyoondoka. Bakuli moja, mfereji mmoja. Maji yangewapitia wote bila kuvuka mahali, na tangi la jiko lingebaki kama lilivyo.

Bonareri alivaa miwani, akalitafuta jina la Geoffrey, akalipata likiwa jirani na la Drusilla.

"Huyu aliondoka asubuhi, na huyu akafuata jioni," alisema. "Ni sawa. Geoffrey hakupenda kukaa kimya, na Drusilla alijua kumjibu."

Akina mama wakakubali, na vijana wawili wa kwaya wakakubali. Joash alikuwa bado ameinamia karatasi, vidole viwili vimebonyeza ule upande wa kulia. Aliponyanyua kichwa alikuwa na uso wa mtu aliyetukanwa. Akasema kwamba hawezi kuwaweka mama za watu upande wa wanaume mbele ya nyumba ya Mungu. Wangecheka Wakatoliki, wangecheka hata watoto. Sylvanus akamweleza habari za maji, taratibu, kana kwamba hawajawahi kuelezana. Joash akamkatiza.

"Ndugu yangu, makosa ya boma lako usituletee kanisani."

Watu wote mle ndani walijua Drusilla amelala wapi. Walikuwa wamelijua kwa miaka minne na kulizungumza jikoni, ila hakuna aliyewahi kulisema mbele ya Sylvanus. Bonareri alitazama chini. Sylvanus alikusanya penseli zake, moja moja. Hasira aliyotarajia haikuja. Alihisi tu kwamba amelibeba neno moja muda mrefu mno na sasa ni lazima alitue.

"Sitamfukua, Joash," alisema. "Si mwaka huu, si mwaka ujao. Usiniulize tena."

Akaiacha ramani mezani, akaenda nyumbani.

Joash alikuja kabla ya jua kuzama. Alikuja kwa upande wa mlango mkubwa, wa chini, ule wa heshima, na hakuwa na tai. Sylvanus alikuwa amekaa nje ya mlango huo kwenye benchi akiwa amechoka hata kuvua viatu. Alimwonyesha mdogo wake nafasi, lakini Joash hakukaa. Alianza na habari rahisi. Ramani imepita. Bonareri aliwapigisha kura mara tu Sylvanus alipotoka, na mwenyekiti alibaki peke yake na mkono wake chini. Wataanza kuchimba msingi baada ya kuchuma chai ya wiki hii.

Sylvanus akashukuru. Alifikiri mambo yamekwisha. Joash akageuka akalitazama kaburi la Drusilla, pale kulia, na maneno yaliyofuata aliyasema akiwa amempa kaka yake mgongo.

"Wewe unadhani ni nguzo zako," alisema. "Mimi nilikuwepo. Nilikuwa pale barabarani nikawaona wamesimama upande usio wake. Hawakuwa wamechimba hata kufika magotini. Ningeshuka hatua chache tu niwaambie, vijana, geukeni, mlango ni huu mwingine. Nikaogopa. Niliogopa hewa ya pale. Nikafunga mdomo kwa kitambaa nikawatazama mpaka wakamaliza."

Ilimchukua Sylvanus muda kulipokea jambo hilo. Miaka minne aliamini ni kiburi chake kilichomlaza Drusilla pale, na miaka hiyo hiyo mtu huyu alikuwa akija kila mwezi na habari za kibali na jembe, akimsumbua, akimtukana, na kumbe alikuwa akitafuta jinsi ya kuifuta siku ile. Alitaka kukasirika. Alimtazama Joash, mabega yake makubwa yakitikisika ndani ya koti la ibada, akamwona alivyozeeka, na huruma ikamjia kabla ya hasira kupata nafasi.

"Kila mtu aliogopa," alisema. "Hata mimi, wangeniruhusu kutoka kitandani, sijui kama ningekaribia. Kaa chini."

Joash akakaa. Sasa walikuwa wazee wawili kwenye benchi moja, na ng'ombe akaanza kulia akitaka kukamuliwa. Mwishowe Joash alifuta uso kwa kiganja na kuuliza, kwa sauti ya chini ambayo si yake, sasa kaka yake atalala wapi.

"Kule," Sylvanus alisema, akaonyesha kushoto, kwenye ukuta mtupu wa stoo. "Kwenye mahali pake. Yeye amekaa kwangu, mimi nitakaa kwake. Watu watasema sana. Waache waseme." Kisha akamshika mdogo wake mkono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu wakiwa watoto. "Ila siku hiyo, Joash, usisimame barabarani. Ushuke mpaka hapa uwaonyeshe wewe mwenyewe."

Joash alitikisa kichwa kukubali. Akainuka akaenda kumkamua ng'ombe.